Hotuba ya bajeti ya 2022/23: ilisimama kwenye mafuta, ikateleza kwenye tozo

Hotuba ya bajeti hupatikana bure, tena kwa Kiswahili, kwenye tovuti ya Wizara ya Fedha; mimi nililipia tu kuichapa steshenari. Naitathmini kama huduma nyingine yoyote inayogharamiwa na mlipakodi: je, hotuba aliyoisoma Dkt. Mwigulu Nchemba, Waziri wa Fedha wa Tanzania wakati huo, bungeni Dodoma tarehe 14 Juni 2022 ilimweleza mwananchi kwa nini Serikali ilihitaji shilingi trilioni 41.48, katika mwaka ambao makovu ya UVIKO-19 yalikuwa hayajapona na vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei za mafuta, mbolea na ngano?

Kwenye mafuta, Serikali ilijitetea vizuri. Ilikuwa imeshatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi huo wa Juni, na faida yake haikuhitaji kutafutwa ndani ya majedwali, kwa sababu bei kikomo ya petroli Dar es Salaam ilikuwa shilingi 2,994 kwa lita, na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, ilieleza kwamba bila ruzuku ingefika 3,301. Dereva wa bodaboda anayejaza lita mbili aliweza kupiga hesabu hiyo kabla hajafunga tangi: shilingi 614 zimebaki mfukoni. Kufutwa kwa ada ya kidato cha tano na sita nako hakukuhitaji mkalimani, wala kupandishwa kwa bajeti ya Wizara ya Kilimo kutoka takribani shilingi bilioni 294 hadi 954. Hata pendekezo la kubana matumizi ya magari ya Serikali lilikuja mahali pake, maana anayewaomba wenzake wajifunge mkanda hana budi kuonyesha na wa kwake.

Tatizo ni tozo. Waziri alishusha kiwango cha juu cha tozo ya miamala ya simu kutoka shilingi 7,000 hadi 4,000, jambo ambalo lilistahili makofi liliyopata. Lakini wigo wa tozo ulipopanuliwa na kuingia kwenye miamala ya benki kuanzia Julai, maelezo yaliyomfikia mwananchi yalikuwa haba mno. Mwezi Agosti nilikwenda kutoa fedha kwa wakala mtaani kwetu, nikauliza makato yale ni ya nini. Dada wa kibandani alinigeuzia karatasi ya muamala na kuniambia, "Kaka, usinigombeze mimi, hiyo ni ya Serikali." Hakujua zaidi ya hapo, wala sidhani kama ilikuwa kazi yake kujua. Fedha za tozo zilikuwa zikijenga madarasa na vituo vya afya kwenye tarafa, na hiyo ni hoja nzito. Ila kituo cha afya kiko tarafani, makato yako mkononi, na hakuna aliyeviunganisha viwili hivi mbele ya mteja. Tarehe 20 Septemba Waziri alirudi bungeni na kuondoa baadhi ya tozo hizo, ikiwamo ya kuhamisha fedha kati ya benki na simu.

Ndani ya ukumbi, kusema kweli, utetezi haukupata joto la kutosha. Wachangiaji wengi huunga mkono hoja kwanza ndipo wachangie, na Katiba, ibara ya 90, inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Maswali magumu yaliulizwa kibandani, ambako Waziri hakuwapo kujibu.

Naipa hotuba alama sita kati ya kumi, na nyingi kati ya hizo ni za mafuta na ada. Anayetaka kuisoma aruke shukrani na pongezi za mwanzoni, afungue sehemu ya marekebisho ya kodi, tozo na ada, na aiweke karatasi ya wakala kando yake.