TAHADHARI: Jamaa anayeuza "dhahabu ya Bachwezi" hapa Kampala

Jamani ndugu zangu wa Kampala, na nyinyi mnaokuja mjini toka Jinja na Arua kufanya biashara, kuna jamaa anazunguka na bangili na shanga anasema zimechimbuliwa kwenye mahame ya kale ya Bigo bya Mugenyi na Ntusi kule Sembabule, eti dhahabu ya Bachwezi, wale watawala wa kale wa kwenye masimulizi, eti babu yake aliziokota akichunga ng'ombe. Msinunue!! Mimi kazi yangu ni kutengeneza na kusafisha mapambo, watu wananiletea mali zake niwang'arishie, na kila nilichoshika mpaka leo ni brasi ya juzi juzi tu.

Ujanja wenyewe mafundi tunaujua. Brasi unailoweka kwenye siki na chumvi, unaifukia udongoni kidogo, ikitoka imeota kijani, mtu asiyejua anaona ya kale kabisa. Lakini kutu ya mamia ya miaka inakula madini yenyewe, inakuwa ngumu, ukikwangua kwa ukucha haibanduki, hii yake pitisha kitambaa kibichi tu kinabaki cha kijani, na zingine amepaka rangi, jaribu na pamba yenye dawa ya kutoa rangi ya kucha uone inavyoyeyuka. Ndani ya bangili bado kuna alama za tupa zinang'aa. Shanga zake zina mstari wa kalibu ubavuni, plastiki hiyo. Na kubwa kuliko yote, dhahabu haioti kutu ya kijani, yaani jamaa anakuuzia dhahabu na kitu chenyewe kinakwambia mkononi kwamba si dhahabu.

Halafu hiyo dhahabu ya Bachwezi nani aliiona? Bigo walichimba watafiti, Shinnie 1957 na Posnansky 1960, Ntusi nayo ikaja kuchimbwa, wakatoa vigae vya vyungu, mifupa ya ng'ombe mingi mno, vyuma, shanga kidogo. Wale walikuwa watu wa mifugo na mtama, mali yao ilikuwa zizini.

Anatoa na cheti chenye muhuri wa Makumbusho. Makumbusho yetu pale Kitante haiuzi vitu vya kale, nendeni mkawaulize wenyewe.

Kuna wanaosema basi akileta cha kweli nitanunua. Hapana ndugu, hapo ndipo mimi naumia zaidi. Vitu vya kale vinalindwa na sheria, ilikuwepo ya 1967 na sasa kuna mpya ya 2023, ukikamatwa unavuka navyo mpakani bila kibali ni kesi yako si yake. Na ushanga uliong'olewa ardhini usiku hausemi tena ulilala na nani, kina gani, kando ya nini. Kile kichwa cha udongo cha Luzira kilichopatikana 1929 mpaka leo kiko London, tunakililia, halafu sisi wenyewe tuanze kulipa watu wakachimbe Sembabule kwa majembe?

Simu anabadilisha kila mara kwahiyo namba haisaidii. Mjue kwa mtindo wake, haji dukani, anataka mkutane stendi, picha anatuma kabla na ukituma nusu ya pesa kwa simu anapotea. Waliokwisha kutuma msifute meseji, wekeni ile ya muamala na picha zake mpeleke polisi. Sasa hivi anatangaza mkufu wa milioni mbili, anataka nusu kabla ya Ijumaa, na kuna mama namjua ameshaanza kukusanya. Mwambieni na nyinyi kama mnamfahamu yeyote anayeongea naye.