TAHADHARI: Mbao za kuzungushia madirisha zinazouzwa Kampala kama "mvule mkavu"

Umebadilisha madirisha na sasa unatafuta mbao za kuzungushia kwa ndani, zile mafundi wanaziita akitrevu? Soma hili kabla hujatuma hata shilingi. Kuna wauzaji wanaopita kwenye makundi ya WhatsApp na picha za mbao za kahawia ya dhahabu: "mvule mkavu wa tanuru, tayari kupigiliwa". Kinachoshushwa getini ni paini iliyopakwa rangi, au mkaratusi mbichi.

Rangi ni rahisi kuikamata. Mwambie akate sentimita 2 za ncha mbele yako. Mvule una ukanda mweupe pembeni, lakini moyo wake ni manjano hadi kahawia mpaka ndani. Paini iliyopakwa ni kahawia juu tu, ndani ni nyeupe yenye mistari ya pete iliyo wazi, na mara nyingi ina vifundo vinavyonata utomvu. Kitambaa chenye tapentaini nacho kinasaidia: kikitoka na rangi, umeshajua. Usipime kwa uzito wa mkono, maana mkaratusi mbichi ni mzito na ndio unaowadanganya wengi.

Unyevu ndio wizi mkubwa, kwa sababu hauonekani siku ya kununua. Mbao ikikauka inapungua upana, urefu unabaki karibu ulivyokuwa. Kona iliyokatwa nyuzi 45 na kufungwa vizuri leo, baada ya wiki kadhaa inaachia kwa upande wa ndani, karibu na kioo, huku ncha ya nje bado imegusana. Ukiona mwanya wa namna hiyo usimlaumu fundi wa msumeno. Mbao ilikuwa mbichi. Kuziba kwa puti hakusaidii, maana mbao haijamaliza kusinyaa. (Ikifunguka ncha ya nje badala ya ndani, ni kinyume: mbao imevimba, kawaida kwa unyevu wa ukuta.)

Kipimo cha umeme cha unyevu kionyeshe kati ya asilimia 10 na 14. Huna kipimo? Kata kipande cha sentimita 10 katikati ya mbao, si nchani kwa sababu ncha hukauka kwanza. Kipime kwenye mizani, kiweke kwenye ovena ya nyuzi joto 103 za Selsiasi mpaka uzito uache kushuka, kisha gawanya maji yaliyopotea kwa uzito mkavu. Gramu 120 zikibaki 100, hiyo ni asilimia 20: irudishe. Muuzaji akikukataza kukata katikati, lipia ubao mmoja wa majaribio tu.

Halafu futi. Dirisha la sentimita 120 kwa 120, ukiacha ukingo wa milimita 5 kila upande na mbao ya upana wa sentimita 7, linataka vipande vinne vya sentimita 135. Ubao wa futi 14 (mita 4.27) unatoa vitatu, kwa hiyo madirisha matatu yanakula mbao nne. Wakikuletea futi 13 (mita 3.96) kwa bei ya 14, kila ubao unatoa viwili tu, na utanunua sita. Futi moja! Nenda na tepu yako, yao usiiamini. Malalamiko ya vipimo yanapelekwa UNBS, shirika la viwango la Uganda.

Wengine wanasukuma MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi) ya kijani, "haipiti maji". Ukijani ni rangi ya utambulisho, wala si kinga. Loweka kipande saa 24 ukipima unene kabla na baada, uone kinavimba kiasi gani.

Jihadhari pia na "kifurushi pamoja na fundi, kazi siku moja baada ya plasta". Plasta mbichi ya simenti inarudisha maji ndani ya mbao, hasa kwenye mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Bandika nailoni ya nusu mita ukutani usiku kucha, pande zote zikiwa zimezibwa kwa selotepu. Ikiwa na matone asubuhi, subiri. Na silikoni wanayokuuzia kuzibia pembezoni haishiki rangi. Kama utapaka ukuta, dai kizibio cha akriliki, hicho kinashika rangi.

Pesa: usitume amana kwa simu kwa mtu asiye na stoo unayoweza kuitembelea. Stoo za mbao za Ndeeba, hapo Kampala, zipo; nenda uchague mwenyewe.

Ulizokwisha kununua mbichi, usipigilie. Zipange kivulini penye upepo, juu ya vijiti vya sentimita 2 kila nusu mita, mawe juu zisipinde. Weka alama ubao mmoja na uupime uzito kila wiki. Ukikaa wiki tatu bila kupungua, hapo ndipo uite fundi.