Uzoefu wangu na stensili za kubandika kwenye kabati la Pac-Man

Kabati langu, yaani mashine ndefu ya mbao ya kuchezea mchezo wa video kwa sarafu, ni la Pac-Man, mchezo wa kampuni ya Namco ya Japani ambao kampuni ya Midway iliuza Marekani kwa leseni kuanzia mwaka 1980, na liliponifikia halikuwa na hata chembe ya rangi ya manjano. Mmiliki fulani wa zamani alikuwa amelibadilisha liwe la mchezo mwingine na kulipaka rangi nyeusi pande zote mbili, jambo lililokuwa la kawaida mchezo ulipoacha kuingiza fedha. Seti niliyonunua ina stensili kubwa za plastiki yenye gundi, zilizokatwa matundu ya umbo la picha ili rangi ipite hapo tu, kila rangi na stensili yake, pamoja na ukurasa mmoja wa maelekezo. Ningeweza kubandika stika iliyokwisha kuchapwa na kumaliza kazi kwa siku moja, lakini picha za ubavuni za kabati hili zilipakwa rangi kiwandani kwa stensili, na mng'ao wa plastiki wa stika hujionyesha hata ukiwa umesimama mbali.

Nilianza na msasa namba 120, kwa mkono na barakoa usoni, kwa kuwa mashine ya msasa hufika kwenye mbao kabla hujashtuka. Weusi ulipopungua, vidole vyangu vilianza kugusa vijituta: ni kingo za picha ya awali, zilizoachwa na unene wa rangi yake. Nilitandaza karatasi nyembamba juu yake, nikasugua penseli kwa ubavu, na umbo lote likajitokeza. Kulilinganisha na stensili za seti kulinifurahisha kuliko hatua nyingine yoyote, kwani mistari ilikubaliana karibu kila mahali isipokuwa sehemu moja ya chini, iliyopishana kwa takriban milimita 5. Aliyezichora bila shaka alikuwa na kabati halisi mbele yake.

Picha yenyewe haikuokoka, maana mikwaruzo ilikuwa imezama hadi kwenye mbao. Nilijaza filla, nikapiga msasa namba 220, kisha andakoti na mikono miwili ya rangi ya mafuta ya manjano, niliyoifananisha na kipande kilichosalia nyuma ya bamba la vidhibiti, mahali ambapo mwanga na brashi ya yule bwana havikufika.

Udhaifu wa seti hii uko kwenye maelekezo. Yanasema ubandike stensili mara manjano inapokauka, upake rangi ya picha, usubiri saa 24, kisha ubandue. Nilitii upande wa kushoto, nikajuta. Gundi iling'oa vipande vya manjano ambayo kwa nje ilikuwa kavu lakini ndani ilikuwa bado laini. Rangi nyekundu nayo ilikuwa imeshikana na plastiki ikawa ngozi moja, hivyo kila nilipovuta, kingo zilikatika kama karatasi iliyochanwa kwa mkono, na palipobaki pazima rangi ilikuwa imepenya chini ya stensili.

Upande wa kulia niliacha manjano ikomae wiki nzima. Nilishikiza stensili kwa tepu ya karatasi upande wa juu ili ining'inie kama bawaba, nikaondoa karatasi ya nyuma kidogo kidogo huku mtu wa pili akiisukuma kwa kitambaa kutoka katikati kwenda nje. Peke yako usijaribu. Kabla ya rangi ya picha nilipitisha rola ya sponji yenye manjano ileile juu ya kingo zote, ili kitakachopenya kiwe manjano juu ya manjano na kisionekane. Nyekundu ilifuata kwa mikono miwili myembamba, nami nikabandua ikiwa bado inanata kidogo, nikiikunja stensili nyuma juu yake yenyewe, polepole. Mstari ulitoka kama uliokatwa kwa wembe. Ukitaka kunitafutia kosa, utasema umenyooka kupita ule wa kiwandani, ambao kingo zake zilikuwa na ukungu kidogo wa rangi, na nitakubali.

Nimeipa seti nyota nne. Upande wa kushoto utarudiwa nitakapopata stensili nyingine, kwa kuwa hizi zikibanduliwa mara moja hazifai tena. Kwa sasa umeelekezwa ukutani.