Niliomba gari ipande sentimita 5, nikauziwa spesa ya sentimita 5

Sikukusudia kuandika lolote kuhusu spesa, yaani vipande vinene vinavyofungwa juu ya shokabsoba ili kuinua mbele ya pikapu, kwa kuwa ni kitu kidogo ambacho bei yake haifiki hata ya tairi moja, lakini jibu nililopewa dukani bado linanichoma, na kila ninapopita tuta nalisikia upya.

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya milango minne, na kazi yake ni kubeba saruji na misumari kutoka kisiwani Mombasa hadi Ukunda. Kama pikapu nyingi, imetoka kiwandani pua ikiwa chini kuliko mkia, ili ikishapakiwa mzigo isimame sawa. Shida yangu ilikuwa feri ya Likoni: maji yakikupwa, mteremko wa kuingilia huwa mkali, na bampa ilikuwa ikikwaruza chuma karibu kila safari. Siku chache kabla ya mvua kuanza nilikwenda dukani nikamweleza kijana wa kaunta, kwa Kiswahili kilicho wazi, kwamba nataka mbele ipande sentimita 5 na si zaidi. Aliingia nyuma akarudi na jozi ya spesa za alumini pamoja na pakiti ya bolti. Karatasi ya maelekezo haikuwamo.

Kuzifunga ni kazi ya asubuhi moja. Spesa hukaa kati ya kichwa cha shokabsoba na mwili wa gari, hivyo springi haifunguliwi, na ile hatari ya springi kumrukia fundi haipo. Lakini siku hiyo fundi wangu wa Changamwe, mtu mwenye subira, alilazimika kuukandamiza mkono wa chini, kile chuma kinachoshika gurudumu kwa chini, kwa mtaimbo ndipo bolti zikaingia. Gari iliposhushwa kutoka kwenye jeki tulinyamaza sote wawili, kwa maana ilikuwa imepanda karibu sentimita 10.

Fundi ndiye aliyenifahamisha. Shokabsoba haikushikizwa kwenye gurudumu lenyewe, bali katikati ya mkono wa chini, kwa hiyo unene wowote unaoongezwa juu yake hufika kwenye gurudumu ukiwa karibu maradufu. Niliyemwomba sentimita 5 alipaswa kunipa spesa ya milimita 25 hivi. Ile ya sentimita 5 iliushusha mkono wa juu hadi ukaanza kuisugua springi, ikaziweka ekseli kwenye mwinamo ambao mipira yake isingeuvumilia, na kwenye kila shimo la barabara ya Miritini nilisikia chuma kikigonga chuma. Mtu wa alaimenti, anayenyoosha magurudumu, alijaribu, kisha akanirudishia ufunguo akisema magurudumu hayanyooki na tairi zitalika upande mmoja.

Nilirudi dukani na spesa zote mbili mkononi, nikasalimu, nikaeleza taratibu. Kijana hakuitikia salamu. Alichukua rula, akailaza juu ya spesa mbele ya wateja wengine, akasema: “Mzee, ulisema sentimita 5. Hizo ni sentimita 5. Pima mwenyewe.” Mmoja akacheka. Nina watoto waliomzidi umri, na nimenunua vipuri katika mji huu tangu kabla hajazaliwa, lakini sijawahi kuonyeshwa rula kama mwanafunzi aliyekosea hesabu, ilhali aliyekosea ni yeye.

Kwa hasira nilitaka kuwaambia watu wote wasiziguse spesa hizi za bei nafuu. Haki hainiruhusu. Nilinunua jozi nyingine, nyembamba, katika duka jingine, nayo ni ya bei nafuu vilevile. Fundi akazifunga bila mtaimbo, alaimenti ikakubali, tukateremsha na taa kubwa, kwa sababu gari iliyoinuliwa mbele ikibeba saruji nyuma huwapofusha wanaokuja. Sasa naingia kwenye feri maji yakiwa yamekupwa kabisa na bampa haigusi kitu. Nimefurahi kiasi kwamba mara ya kwanza nilisimamisha gari upande wa pili nikashuka kuitazama.

Basi spesa ni nzuri, nami nazisifu. Duka lile, hapana, na nikilifikiria zaidi naona hata sifa hiyo niipunguze, kwa sababu kitu kinachoweza kuharibu ekseli ya mtu hakifai kuuzwa kikiwa uchi, bila karatasi, na mtu asiyejua kinavyofanya kazi. Ningeliuawa njiani, rula ile ingenisaidia nini?

Zile za kwanza bado ninazo chini ya kiti. Nimeziandika kwa rangi nyeupe, kila moja: “Hupandisha karibu sentimita 10.” Herufi zimeenea vizuri, na kuziandika hakukunichukua hata dakika tano.