Katy Trail, Missouri: siku tano na baiskeli, kilomita 362 bila gari ubavuni

Mimi ni mtu wa Shinyanga, baiskeli nimekua nayo. Lakini tangu nihamie Columbia, Missouri, Marekani, ilikuwa inakaa tu stoo. Barabara za mashambani huku hazina pembeni pa kupitia, na pikapu zinakupita kwa kasi mpaka shati linapepea. Rafiki yangu wa Goma, aliyekulia kwenye mteremko wa chukudu (zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo) zilizobeba magunia ya viazi, naye alikuwa ameshakata tamaa. Kwa hiyo sifa ya kwanza ninayoipa Katy Trail ni hii: magari hayaruhusiwi. Unakatiza barabara hapa na pale, basi. Siku tano tulipiga stori tukiwa bega kwa bega, bila hata mmoja wetu kugeuka nyuma kwa hofu.

Zamani hii ilikuwa njia ya treni ya kampuni ya Missouri-Kansas-Texas. Watu waliiita Katy kwa zile herufi K na T. Mafuriko ya 1986 yakaharibu reli, treni zikakoma, na mwaka 1990 kipande cha kwanza kikafunguliwa kwa waendesha baiskeli pale Rocheport. Leo ni hifadhi ya jimbo yenye urefu wa kilomita 386 hivi, na kuipita ni bure. Faida ya kurithi reli utaisikia magotini: treni haipandi mlima mkali, basi na wewe hupandi. Chini kumemwagwa mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa, laini lakini si ya kuteleza. Vibao vya maili bado vinafuata hesabu ya reli. Tulianza Clinton kwenye 264, tukawa tunahesabu kurudi nyuma hadi 39 pale St. Charles; hizo ndizo kilomita 362 zetu.

Siku ya kwanza, Clinton hadi Sedalia, ni ya uvumilivu. Kivuli ni kidogo, mahindi yamekauka pande zote mbili, na jua la Septemba bado ni kali. Ukiwa na siku nne tu, anzia Sedalia, maana treni ya abiria inasimama pale na baiskeli inapakiwa ukiilipia nafasi mapema.

Uzuri wenyewe unaanza ukishavuka mto Missouri pale Boonville. Kabla tu ya kuingia Rocheport kuna handaki la mawe la mwaka 1893, pekee katika njia nzima. Tulifika jioni. Ndani kulikuwa na ubaridi kama wa mtungi, na mlio wa cheni zetu ukawa unaturudia kutoka ukutani. Rafiki yangu akashuka, akapapasa mawe kwa kiganja, akakaa kimya muda mrefu. Kuanzia hapo mashariki, majabali ya chokaa yanasimama kushoto kwako na mto uko kulia, saa kwa saa. Karibu na McBaine usipite bila kuusalimia mwaloni mkubwa ulio peke yake katikati ya mashamba. Radi iliupiga 2020, lakini tuliukuta bado umesimama.

Sasa upungufu. Maji! Si kila kituo kina bomba, na kati ya vijiji vingine hakuna duka hata la soda. Siku ya nne, baada ya kulala Tebbetts kwenye hosteli ya waendesha baiskeli, tulibeba chupa mbilimbili tukadhani zinatosha. Kabla ya saa sita mchana nasikia rafiki yangu akisema kwa Kiswahili cha kwao, "Yaya, mayi imeisha," yaani maji yamekwisha. Muda si mrefu tairi langu la nyuma likakaa chini. Baiskeli nilikuwa nimeikodi, na nilipolikagua tairi nikaona limeisha mpaka nyuzi zinachungulia. Pampu niliyopewa nayo ilikuwa ya valvu nene, wakati tyubu ina valvu nyembamba. Hilo si kosa la njia, ni la duka, na liliniuma kwa sababu nililipa kwa uaminifu. Pampu ya mwenzangu ndiyo iliyotuokoa. Maji ya kutumbukiza tyubu hatukuwa nayo, basi akaijaza upepo, akaipitisha polepole karibu na mdomo wake wa juu, akifumba macho. "Iko hapa." Kweli, tundu dogo kama la sindano. Tukasugua, tukapaka gundi, tukabandika kiraka, na ndani ya tairi akaweka noti ya dola iliyokunjwa ili nyuzi zisikwaruze tyubu. Noti hiyo ilifika St. Charles.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli akasimama, akatugawia maji yake karibu yote, akatuambia tuingie Hermann kwa kuvuka daraja, tule tushibe. Mji huo ulijengwa na Wajerumani, soseji zao ni nzuri, ila kwa asiyekula nguruwe ni vizuri aulize kwanza.

Naipa nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa ajili ya maji. Kwa anayetaka kujaribu: beba lita tatu kila mtu, kagua tairi na pampu ukiwa bado dukani, na panga pa kulala mapema, kwa sababu njia inafungwa jua likizama na huwezi kutandika hema popote upendapo. Jikague kupe kila jioni. Baiskeli ya mbio yenye tairi jembamba iache nyumbani.

Mwezi wa kumi tunarudi kipande cha Rocheport hadi Hartsburg, maboga yakiwa yameiva. Mke wa rafiki yangu keshanunua helmeti.