Sensa ya Joto la Moshi Imekufa: Ununue Ipi Hapa Dar?

Ukiulizia sensa ya joto la moshi, yaani kile kifaa kinachopima joto la moshi kwenye egzosi ya gari, kwenye maduka ya spea ya Gerezani, muuzaji anaweza kukutajia bei tatu kabla hajakuuliza gari lako ni la mwaka gani. Ukishalipa, utaambiwa lile neno tunalolijua wote: vitu vya umeme havirudishwi. Ndiyo maana nasema pima kwanza, hela baadaye.

Gari la dizeli lenye DPF, yaani kichujio cha masizi kwenye egzosi, mfano hizi Mazda CX-5 zilizojaa mjini, huwa na sensa kadhaa kwenye njia ya moshi: karibu na tabo, kabla ya DPF, na mara nyingine baada yake. Kompyuta huzitumia kuongoza uchomaji wa masizi, kazi inayohitaji joto la karibu nyuzi 600. Sensa ikidanganya, uchomaji unasimamishwa, taa ya injini inawaka na gari linakuwa zito. Ukiendelea kukaa nalo kwenye foleni ya Mwenge hivyohivyo, DPF itaziba, na hapo bei ya sensa utaiona kama nauli ya daladala.

Kupima si kazi kubwa. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, fungua swichi bila kuwasha injini, fundi aunganishe mashine ya kusoma kompyuta ya gari asome joto la sensa zote. Zinatakiwa zikaribiane, zote zikiwa karibu na joto la nje, yaani nyuzi 25 hadi 30 kwa hapa kwetu. Moja ikisema 900, au chini ya sifuri kama tuko Ulaya, hiyo ndiyo ya kufuatilia. Mashine pia huonyesha kodi, yaani namba za hitilafu: P0544 hadi P0546 ni za sensa ya kwanza, P2031 hadi P2033 ni za ya pili. Lakini kodi inalalamikia njia nzima ya umeme, pamoja na waya na plagi. Gari lililopita kwenye maji ya Jangwani, au linalolala karibu na bahari, lifungue plagi kwanza. Ukikuta ukijani kwenye pini, safisha, futa kodi, jaribu tena. Wengi wamenunua sensa kwa sababu ya ukijani huo.

Plagi ikiwa safi, chukua mita ya kupimia ukinzani wa umeme. Sensa nyingi ni za platinamu, na kwa joto letu husoma karibu omu 220. Mita isiposoma kitu, sensa imekatika ndani. Ila zipo za aina nyingine ambazo zikiwa baridi husoma maelfu ya omu au zaidi, kwa hiyo ujue kwanza gari lako linatumia ipi.

Sasa ununuzi, na huu ndio mpangilio wangu.

Ya kwanza ni sensa mpya ya Denso, NTK au Bosch. Hawa wanawatengenezea hata viwanda vya magari. Kwa gari la Kijapani naanza na Denso au NTK. Tatizo ni feki, kwa hiyo boksi lisikuzuge: linganisha namba iliyoandikwa kwenye sensa yenyewe na ile ya zamani, pamoja na urefu wa waya na umbo la plagi. Nenda na sensa ya zamani mkononi. Ya mbele na ya nyuma zinaweza kufanana sana na zisiingiliane.

Ya pili, jenuini kwa wakala. Haina ubishi, ila bei imechangamka na huenda ukasubiri.

Ya tatu ni mtumba, na naiweka hapa kwa shingo upande. Imeshachomwa miaka mingi, na kuing'oa kwenyewe huwa kumeipinda waya. Ipimwe kwa mita mbele yako, la sivyo iache.

Ya nne, boksi jeupe lisilo na jina. Niliwahi kujaribu. Haikumaliza miezi miwili.

Kuna fundi atakayekwambia aunge rizista badala ya sensa ili taa izimike. Hiyo haimo hata kwenye orodha. Kompyuta itaona joto lilelile siku zote, na DPF ikipitiliza joto wakati wa kuchoma, hakuna wa kuizuia isipasuke.

Wakati wa kufungua, mwagia dawa ya kutu mapema na ufungue egzosi ikiwa vuguvugu, kwa soketi yenye mwanya wa kupitisha waya. Ikilazimishwa, nati ya kwenye bomba inaharibika na unahamia kwa fundi wa kuchomelea. Grisi ya joto ipakwe kwenye nyuzi za skrubu tu, isiguse ncha, na kama sensa imekuja nayo usiongeze. Waya usikunjwe karibu na shina.

Kisha futa kodi uende hadi Kibaha bila kusimamasimama, mashine ikiwa imeunganishwa ili abiria asome joto. Wewe angalia tochi za trafiki, maana vibao vya hamsini vya njia ile vinawekwa pale ambapo gari ndiyo limeanza kuchangamka.