Semina ya uchangiaji wa viinitete kwa wahudumu wa afya, Dodoma: nimekaa siku zote 2, haya ndiyo niliyoyaona

Nimetoka juzi kwenye semina ya siku 2 kuhusu kuchangia viinitete, yaani mayai ya mwanamke yaliyokwisha rutubishwa na mbegu, iliyofanyika kwenye ukumbi mmoja pale Area C, na kwa vile wenzangu wa Bahi na Chamwino wananipigia simu kila mmoja kwa wakati wake kuuliza kama elfu 50 ya ada inalipa, naandika hapa wote msome. Inalipa. Nendeni, hasa nyie mnaokaa kliniki ya wajawazito, ila kuna vitu waandaaji lazima wavirekebishe na nitavisema.

Kwanza niseme kilichonipeleka. Mwaka jana alikuja mama mmoja kwenye kituo chetu, mimba ya wiki kama 14, nikawa namjazia kadi, nikafika kwenye historia ya familia nikamuuliza kama kwao au kwa mumewe kuna selimundu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nesi, hii mimba tumepandikiziwa nje ya nchi, kiinitete tulichangiwa na watu wengine." Mimi hapo hapo, mlango uko wazi na benchi limejaa kina mama, nikamwuliza kwa sauti, "Sasa huyo mtoto ni wa nani?" Akakunja kadi yake, akaondoka, hakurudi. Mpaka leo sijui alijifungulia wapi na kama alijifungua salama. Kwa hiyo mimi sikwenda kutafuta pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kazini), nilikwenda kwa sababu ya yule mama.

Siku ya kwanza alianza daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, anaeleza vizuri, Kiswahili chepesi. Wenza wanaotafuta mtoto kwa IVF (kurutubisha mayai nje ya mwili) mayai yao kadhaa yanarutubishwa maabara yanakuwa viinitete, kimoja au viwili vinarudishwa kwenye kizazi, vinavyobaki vinagandishwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Wakishapata watoto wanaowatosha wanabaki na swali la hivyo vilivyobaki: waendelee kulipia hifadhi, waviache viyeyuke, wavitoe kwa utafiti au wawape watu wengine wasiopata mtoto. Hiyo ya mwisho ndiyo uchangiaji wenyewe. Nusu ya ukumbi, na mimi nimo, tulikuwa tunachanganya hii na kuchangia yai na ile ya mwanamke kumbebea mwenzie mimba. Hapa anayebeba ndiye atakayelea, ila mtoto hana vinasaba vyake wala vya mumewe. Alirudia mara 3 mpaka ikaingia.

Alafu ikaja historia, na hapa ndipo walipokula muda. Louise Brown aliyezaliwa Uingereza 1978, mtoto wa kwanza wa kiinitete kilichogandishwa kuzaliwa Australia 1984, slaidi juu ya slaidi karibu saa 1 na nusu. Pazuri palikuwa sehemu moja tu, alipotaja mapacha waliozaliwa Marekani Oktoba 2022 kutoka viinitete vilivyogandishwa 1992, ukumbi mzima ukaguna, mzee mmoja tabibu kutoka Mpwapwa akanyanyuka akauliza, "Dokta, hao watoto tuwahesabie umri gani?" Jibu ni siku waliyozaliwa, ila swali lilikuwa la maana, maana ndivyo ndugu watakavyouliza nyumbani.

Siku ya pili asubuhi ndiyo iliyonifanya niandike haya. Alisimama mkunga mwenzetu, mama mtu mzima, hakuwasha hata projekta, akatuuliza tu: mama huyu akija kliniki kwako utamfanyia nini tofauti? Kimya. Akaanza kutupanga.

Tarehe. Sisi tumezoea kuuliza mara ya mwisho kuona siku zako ni lini, tunahesabu. Huyu kizazi chake kiliandaliwa kwa homoni, tarehe ya hedhi inaweza kukudanganya, muulize siku aliyopandikizwa na kiinitete kilikuwa cha siku ngapi. Kama ni cha siku 5, siku ile ya kupandikizwa mimba inahesabiwa tayari ina wiki 2 na siku 5, na ukijumlisha siku 261 unapata tarehe ya makadirio ya kujifungua. Tulipiga hesabu kwenye madaftari kama darasani na wengi tulikosea mara ya kwanza.

Kundi la damu, hili sikuwahi kulifikiria kabisa. Mama ni O hasi na mume naye ni hasi, kwa kawaida unatulia ukijua mtoto naye atakuwa hasi. Lakini hapa mume sio aliyetoa mbegu, kundi lake halikwambii chochote kuhusu mtoto, kwa hiyo mama anahitaji sindano ya anti-D (inazuia mwili wa mama kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto) kama mtoto anaweza kuwa chanya. Na lile swali langu la selimundu nililipeleka kwa watu wasiohusika, majibu yanatakiwa yatoke kwenye karatasi za waliochangia, ambao walipaswa kupimwa VVU, homa ya ini B na C, kaswende na magonjwa ya kurithi.

Presha. Mimba ya namna hii mwili wa mama unabeba mtoto asiye na vinasaba vyake hata kidogo, na presha ya mimba pamoja na kifafa cha mimba vinatokea zaidi kuliko kwenye mimba ya kawaida. Apimwe presha na mkojo kila anapokuja, na apelekwe kwa daktari mapema aamue kuhusu aspirini ya dozi ndogo, inatakiwa ianze kabla ya wiki 16. Yule mama aliyeondoka kituoni kwetu alikuwa wiki 14. Nilitoka nje kidogo nikasimama chini ya mti, nikarudi baadae.

Baada ya chai tukafanya mazoezi wawili wawili, mmoja mama mmoja nesi. Maneno ya kuacha: "wazazi halisi", "mtoto wa kununua", "si wa kwako". Sema "waliochangia" na "wewe mama yake", basi. Ikazuka hoja ya kadi, maana kadi inakaa nyumbani na mama mkwe anaisoma, tena wengine wanahesabu miezi kwa vidole. Mkunga akasema funga mlango kwanza, muulize mama anataka nini kiandikwe, barua ya hospitali iliyompandikiza abaki nayo mwenyewe na kwenye kadi iwekwe tarehe sahihi ya kujifungua. Mtu mmoja akauliza hata ya nini yote haya kwa wachache hivyo, akajibiwa kuwa Shirika la Afya Duniani lilisema 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 anapitia ugumba maishani, hao wote wanatafuta njia, na sisi ndio watakaotufikia wakipata.

Saa ya dini ilikuwepo na haikuwa na ugomvi. Shehe akaeleza kwa nini wanazuoni wengi wa Sunni wanakataa, suala ni nasaba, ila akataja kuwa Iran walipitisha sheria ya kuruhusu 2003. Padri naye akaeleza msimamo wa Kanisa Katoliki tangu waraka wa 1987. Nilichokipenda wote 2 walituambia nesi usimjibie mgonjwa maswali ya imani yake, mwelekeze kwa kiongozi wake.

Sasa malalamiko. Saa ya sheria ilikuwa dhaifu. Mwanasheria alieleza ya Uingereza kwa kina, kwamba kwao aliyezaa ndiye mama kisheria, na kwamba waliochangia kuanzia Aprili 2005 mtoto anaweza kuwajua akifika miaka 18. Sawa, lakini tulipouliza ya kwetu alitusomea Sheria ya Mtoto ya 2009 kuhusu kuasili, ambayo inamhusu mtoto aliyekwisha zaliwa, na cheti cha kuzaliwa kinajazwaje hakutuambia. Vitini vyote ni vya Kiingereza wakati mafunzo yalikuwa Kiswahili, nitampaje mhudumu wangu wa afya ngazi ya jamii? Na hao wahudumu wa jamii hawakualikwa hata mmoja, wakati ndio wanaoingia kwenye nyumba za watu.

Chakula kizuri, wali kuku na mlenda, na zabibu za hapa hapa Dodoma. Choo kisafi. Siku ya 2 maikrofoni ilikatika tukasogea mbele, ikawa bora zaidi.

Semina naipa nyota 4 kati ya 5. Waandaaji, mkipunguza historia iwe dakika 20 na mkunga mkampa siku nzima, nitaongeza ya 5. Jumatatu nimelihamisha benchi la kliniki kutoka mlangoni na nimeweka pazia. Hesabu ya siku 261 nimeiandika kwa kalamu nene ukutani juu ya meza, anayetaka aniandikie nimtumie picha.